Joto Lililokwama Kiooni

Kidia, Old Moshi
8 Septemba 2024

Mwanangu Eunike,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo? Yale mafua yamekuacha? Mimi ni mzima. Mgongo unanisumbua nikipandisha majani ya ng'ombe, lakini mgongo huo unaujua, si mgeni. Ng'ombe amezaa dume. Nimemnunia mpaka leo.

Naandika kwenye karatasi halafu napiga picha, kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu tunagombana kabla hata ya kumaliza salamu. Kidole changu kikionekana pembeni, kivumilie.

Neno lenyewe ni hili. Baba yako mdogo Kornel alikuja Jumapili iliyopita baada ya ibada. Akakaa, akanywa chai yangu yote, ndipo akasema. Ukoo utakaa tarehe 27 Desemba, siku ambayo watu wote wako nyumbani, kuamua kihamba cha marehemu baba yako, migomba, kahawa na nyumba, kiwe cha nani. Anasema marehemu hakuacha mtoto wa kiume, na huyo wa kike aliyepo ni wa Ulaya. Nikamwambia huyo wa kike ana jina, na Krismasi anakuja kama watu wengine. Akanijibu, "Asipoonekana Krismasi, shemeji, atakuwa amejiondoa mwenyewe."

Kwa hiyo kata tiketi mapema. Siku hiyo huhitaji kusema kitu. Kaa tu pale uonekane, mengine niachie mimi.

Jambo la pili, hebu nieleze vizuri hiyo kazi yako. Kanisani wananiuliza. Niliwaambia unatengeneza vioo, Mama Hellen akaniuliza kama mnaweza kumletea vya madirisha kwa bei nzuri.

Ni mimi mama yako,
Elisifa


Ujerumani
21 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mafua yameisha, nakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Pole na mgongo, na mpe pole huyo ndama kwa kuzaliwa dume katika nyumba yako.

Mwambie Mama Hellen madirisha hapana. Ni hivi. Kuna taa inaitwa leza. Mwanga wake hautawanyiki kama wa tochi, unakwenda kwa mstari mmoja, na ile ya hapa kwetu inaweza kukata chuma. Kuuelekeza mwanga huo unahitaji kioo, lakini kioo cha kawaida kingeungua. Sisi tunachukua kipande cha kioo safi tunakipaka utando, tabaka juu ya tabaka, makumi ya matabaka, kila moja jembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona. Hatupaki kwa brashi. Tunakiweka ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, dawa mbili zinageuzwa mvuke kwa zamu na kutua juu yake polepole. Mpakaji ni mimi.

Utando huo unarudisha karibu mwanga wote. Nimesema karibu, mama. Kiasi kidogo sana kinamezwa na kugeuka joto, na joto hilo lazima lipite tabaka kwa tabaka mpaka lifike kwenye kioo cha chini lipoe. Likichelewa njiani, utando unavimba na kupasuka. Vioo vyangu vinapasuka.

Sasa ugomvi. Vitabuni kuna namba ya kuonyesha moja ya dawa hizo inapitisha joto kwa wepesi gani. Ilipimwa kwenye donge zima la dawa hiyo. Mimi nasema dawa ileile ikiwa utando haipitishi vile, inapitisha kidogo mno, na kwenye kila mpaka wa tabaka na tabaka joto linakwama tena. Profesa anayenisimamia anasema hapana, ni vumbi. Anasema siviweki safi kabla ya kupaka. Aliyasema mbele ya wenzangu, kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Mkataba wangu unaisha Machi. Ikiwa ni uchafu, hawana haja na mimi, nitarudi bila shahada. Ikiwa ni joto, basi hesabu za watu wengi itabidi zifanywe upya, na shahada yangu imo humo. Nataka kulithibitisha hili, mama. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Tiketi nimeanza kutafuta.

Mwanao,
Eunike


Kidia
6 Oktoba 2024

Eunike mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, mvua za vuli bado, migomba imeinamisha majani. Jana nilishusha mikungu kwenda Kiboriloni nikauza yote, lakini njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kwa hasira, mpaka mwenye toroli akaniuliza kama nimeibiwa.

Uchafu? Wewe? Mwambie huyo Profesa ulilelewa na mwanamke aliyekuwa anakurudisha kufagia uwanja upya ukiacha jani moja tu. Ulikuwa unaosha vyombo vya maziwa mpaka baba yako anasema utavitoboa. Barua yako nimeisoma mara nyingi na sikuielewa yote, wala sitajifanya. Lakini kuna mtu anasema hujui kuosha, na hilo linanihusu mimi niliyekufundisha.

Najua kinachokufunga mdomo. Tulikulea usibishane na mkubwa, akisema unainamisha kichwa unasema ndiyo. Basi hapo tulikosea kidogo, au tuseme hatukujua utakutana na mkubwa wa namna hii. Usimjibu kwa maneno, maana una mdomo kama wangu, ukishafunguka haufungiki. Mwombe nafasi umwonyeshe. Omba kwa adabu, na akikataa, omba tena kesho yake.

Kornel amepita juzi anapima kahawa kwa hatua za miguu, huku akijidai anatafuta mbuzi. Jacob mwanawe alikuwa naye, kichwa chini. Kijana yule si mbaya, anaona aibu.

Umekata tiketi?

Mama yako,
Elisifa


Ujerumani
10 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mvua imefika na mgongo umetulia. Huku baridi imeingia, lakini nina koti lile zito.

Niliomba kwa adabu. Akakataa. Nikaomba tena kesho yake, na keshokutwa, kama ulivyosema, mpaka katibu wake akawa ananiona tu anacheka. Mwishoni Profesa alisema sawa, Eunike, chukua leza kubwa ukaonyeshe unachodai. Nikashukuru mpaka nikapiga goti, wenzangu wakashangaa.

Halafu nikaangalia zamu. Leza hiyo hugombewa na watu wa vyuo vingi, imejaa hadi katikati ya mwaka kesho, wakati mkataba wangu utakuwa umekwisha. Iliyobaki wazi ni wiki moja tu, kuanzia tarehe 23 Desemba. Iko wazi kwa sababu hakuna anayeitaka. Watu wote wa hapa wanakwenda kwao Krismasi.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi nikilizungusha. Nimeomba kubadilishana zamu na kila mtu ninayemjua. Nimeuliza kama naweza kufanya nusu, niruke, nifike tarehe 27 asubuhi. Haiwezekani. Vioo vinapakwa, vinapimwa, vinapigwa mwanga, vinapimwa tena, na mtu wa kukaa navyo ni mimi.

Mama, siji Krismasi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Najua kilichopo huko. Kihamba cha baba nakitaka, pale ndipo alipozikwa. Lakini nikiiacha wiki hii, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mtu asiyejua kuosha kioo. Nisamehe.

Mwanao,
Eunike


Ujerumani
1 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimetuma salamu mara kadhaa hujajibu. Naona alama mbili za buluu, najua umesoma. Nilimpigia Mama Hellen, akasema u mzima na kwenye kwaya unaimba kwa sauti kuliko kawaida. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nigombeze, mama. Nigombeze kadiri unavyotaka, lakini niandikie.

Eunike wako


Kidia
11 Desemba 2024

Eunike,

Hujambo. Mimi sijambo. Mvua imefika.

Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hausomeki. Krismasi, Eunike. Wako watu wanajinyima Dar es Salaam mwaka mzima ili Krismasi waonekane kwao. Wengine wanakuja wagonjwa, wanabebwa. Hata wale wasiosalimiana na ndugu zao wanakuja, wakae kwenye kona yao wanune, lakini wamekuja. Na wewe unaniandikia kuwa huji kwa sababu ya kioo. Nilikitazama kile kioo cha chumbani nikatamani kukigeuza ukutani.

Nikaandika barua ya kukuamuru uje. Niliiandika yote, nikaweka na jina la baba yako humo. Nikaishika nione kama itatosha. Ilitosha. Ungekuja, nakujua, ungeacha kila kitu ukaja. Ndiyo sababu sikuituma.

Ungekuja, ukakaa pale mpole kama nilivyokuagiza, wakakupa au wakakunyima. Halafu ungerudi huko ukaishi maisha yako yote na neno la yule mtu kwamba ulikuwa mchafu. Kila ukiona kioo ungelikumbuka. Na ungenikumbuka mimi niliyekuita. Sitaki hivyo.

Basi kaa. Fanya hiyo kazi mpaka mwisho wake, usiiharakishe, usiifanye ukilia. Huku nitakaa mimi. Kornel nimemzoea tangu anavaa kaptula, hanitishi.

Vaa koti.

Mama yako


Ujerumani
30 Desemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na heri ya Krismasi iliyopita. Nimelala vizuri jana kwa mara ya kwanza, leo nina nguvu za kuandika.

Nikueleze. Nilipanga vioo vya aina tatu. Vya kwanza ni vile vyetu vya siku zote, nimeviosha hata wewe usingepata la kusema. Vya pili ni hivyohivyo, lakini nilivitia vumbi kwa makusudi. Iliniuma kufanya hivyo. Vya tatu ni vipya, nimevibuni mwenyewe: ile dawa inayochelewesha joto nimeipunguza unene, na matabaka nimeyapunguza ili mipaka iwe michache. Hivyo vinarudisha mwanga pungufu kidogo tu, na joto halina pa kukwama sana. Mbele ya kila kioo nikaweka kamera inayoona joto.

Vyenye vumbi vilipasuka upesi, palepale penye vumbi. Kwa hilo Profesa hakukosea, na nimeliandika hivyo. Kisha nikapiga vile visafi vya siku zote. Kwenye kamera nikaona joto linakusanyika katikati ya mwanga, linapanda, halishuki chini, linapanda tu, na utando ukavimba pahali ambapo hapakuwa na chembe ya kitu. Nikapima kasi ya kupoa. Namba niliyoipata iko mbali kabisa na ile ya kitabuni. Joto linatambaa humo kama bibi kizee kwenye tope.

Vile vipya vilisimama. Niliongeza nguvu, vikasimama. Niliongeza tena, vikasimama.

Profesa alikuja jana bila kuniambia, amevaa kofia ya sufu, ametoka kwa wajukuu zake. Aliangalia kila kitu halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia na kioo nitakachochagua mimi." Akachagua, nikarudia. Mwishoni akasema hesabu zetu za miaka yote lazima zifanywe upya, na kwamba barua ya kuwaambia wenzetu wa vyuo vingine ataiandika yeye mwenyewe na jina langu litatangulia. Kuhusu kuosha hakusema kitu. Alichukua kitambaa akanisaidia kufuta meza.

Nimefurahi, mama, nimefurahi mpaka nimecheka peke yangu kwenye korido. Lakini leo ni tarehe 30 na hujaniambia neno. Kikao kilikwendaje?

Mwanao,
Eunike


Kidia
5 Januari 2025

Mwanangu Eunike,

Bwana asifiwe sana. Nimesoma habari yako nikaisoma tena kwa sauti, ng'ombe wakasikia. Hongera, mama. Nimekwenda kumweleza Mama Hellen kwamba si vumbi, ni joto. Akasema alijua tangu mwanzo. Muongo yule.

Sasa ya kwetu. Sikukuandikia mapema kwa kuwa ulikuwa na mashine.

Walikuja wote. Mbuzi akachinjwa mgombani kama kawaida, wanaume wakagawa nyama, kila mtu na fungu lake kwa nafasi yake. Kidari, unajua, huwekwa pembeni kwa mwenye nyumba. Tangu baba yako afe kimekuwa kikiwekwa halafu kinaliwa tu bila neno. Safari hii Kornel alinyosha mkono kukichukua mbele ya watu. Nikakishika. Mwanamke kusogelea pale wakati wa kugawa ni jambo ambalo hujaliona na mimi sikuwahi kuliona. Nikasema kidari cha nyumba hii ni cha Eunike. Baadhi wakacheka, halafu wakaacha.

Wakaniuliza, mwenyewe yuko wapi? Nikasema yuko kazini. Mzee mmoja akauliza ni kazi gani hiyo isiyo na Krismasi. Nikaanza kuwaeleza habari ya joto na matabaka. Nilifika tabaka la pili nikapotea, lakini sikukaa chini.

Waliamua hivi. Sehemu ya juu, yenye kahawa, imekwenda kwa Jacob kuanzia sasa. Ya chini, kando ya mfongo wa maji, na nyumba, nikae mpaka nife, kisha iwe yake pia. Wewe hukutajwa. Kesho yake walipanda miche ya masale kuwa mpaka kati ya juu na chini, mstari mzima, na kaburi la baba yako limebaki upande wa juu.

Kidari waliniachia. Nilikipika nikakila chote peke yangu. Kilikuwa kigumu.

Mama yako,
Elisifa


Ujerumani
9 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Sina salamu nyingi leo.

Kihamba cha baba kimekwenda kwa sababu yangu. Wewe umesimama peke yako mbele ya wanaume wale wote, na mimi niko huku nacheka kwenye korido. Siwezi kula.

Profesa ameniongezea mkataba wa miaka miwili. Karatasi iko mezani, sijaisaini. Nimemwambia aningoje. Nataka kurudi sasa, niingie kwa baba mdogo Kornel nimwambie usoni, kisha niende kwenye baraza la ardhi, na nikae hapo hapo nyumbani mpaka jambo liishe hata likichukua miaka. Vioo watapaka wengine. Nimeshaonyesha nilichotaka kuonyesha.

Niambie nianzie wapi.

Mwanao,
Eunike


Kidia
19 Januari 2025

Eunike mwanangu,

Hujambo? Umekula? Kula kwanza, kisha usome.

Kihamba hakikwenda kwa sababu yako. Kilikwenda kwa sababu Kornel anakitaka, na anakitaka tangu baba yako yuko hai. Ungekuwepo wangekunyima ukiwa umekaa hapo mbele yao, tofauti ingekuwa hiyo tu. Kwa hiyo acha kujipa umuhimu.

Na usije kupigana. Vita hii ina mwenyewe. Jumatatu nilivaa gauni la kanisani nikashuka mjini na Bernadetha, yule binti wa Shirimatunda anayesaidia wanawake mambo ya sheria, tukafungua shauri kwenye baraza la ardhi. Limepokelewa, litasikilizwa baada ya masika. Bernadetha anasema tuna pa kusimama, na pia anasema tunaweza kushindwa. Nikamuuliza tukishindwa inakuwaje, akasema tunakata rufaa. Nikamwambia basi andaa na ya rufaa kabisa. Jacob amekuja mwenyewe kuniambia hatagusa mbuni hata mmoja mpaka kesi iishe. Baba yake hasemi naye.

Hiyo karatasi isaini. Umeonyesha vioo vichache kwa wiki moja, unaniambia umemaliza. Nilikufundisha kuacha kazi katikati? Saini leo.

Lililobaki ni hili, na limenichukua siku kuliandika.

Septemba nilikuita uje kwa ajili ya kihamba. Uliniamini, na mimi mwenyewe nilijiamini. Siku ya Krismasi nilitoka ibadani nikarudi, nikakaa jikoni bado nimevaa vizuri, nikakuta sina mtu wa kumgombeza. Chai ilikuwa tayari na hakuna wa kumwambia anaimwaga. Ukoo ulikuwa bado siku mbili kukaa, na kihamba sikukifikiria hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua. Ningekuita hata kama tusingekuwa na mgomba mmoja duniani.

Ukipata likizo, mwezi wowote, hata ule wa mvua ambao hakuna mtu anayerudi, njoo. Hakuna kikao, hakuna shauri linalokuhitaji, sina jambo la kukuitia. Nimekukumbuka tu, mwanangu.

Mama